Gombe 1975: wazungu walipoondoka, nani alishika kalamu?

Haya wadau, nipo hai. Ukimya wote ule ni testi tatu ndani ya wiki moja, na wale wa historia mnajua madesa yetu yalivyo manene. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo limenikaa kichwani, kwa hiyo vumilieni, itakuwa ndefu kidogo.

Chanzo ni mabishano ya kafeteria. Kuna dada mmoja kutoka Ulaya, yuko hapa Mlimani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, alikuwa anatusimulia jinsi alivyokwenda kujitolea kwenye kituo cha kulea sokwe yatima. Alikuwa anakata matunda, anaosha vyombo, anasafisha mabanda, jioni anaandika kwenye daftari sokwe gani kala nini na nani kagoma kula. Na yote hayo alilipa yeye, hakulipwa! Sisi tunaosubiri bumu kama mkulima anavyosubiri mvua za vuli tulicheka mpaka basi. Mshikaji mmoja wa Kigoma ndiye hakucheka. Akasema, "Hao kwetu walikuwepo tangu zamani. Mpaka wakatekwa. Na kazi haikusimama." Halafu akarudi kwenye wali maharage wake kana kwamba hajasema kitu.

Mezani tulikuwa watu saba, hakuna hata mmoja aliyekuwa anaijua habari hiyo vizuri. Nikaingia maktaba. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

Kwanza tuweke mambo sawa, maana watu wanachanganya. Vituo vya kulea sokwe yatima ni kitu kimoja, Gombe ni kitu kingine. Kule kwenye vituo wanapelekwa watoto wa sokwe ambao mama zao waliuawa na wawindaji, au waliokamatwa wakiuzwa. Kisiwa cha Ngamba kule Uganda, ndani ya Ziwa Victoria, ni kituo cha namna hiyo tangu 1998. Sweetwaters ya Kenya ilianza 1993, na sokwe wake wa mwanzo walitolewa Bujumbura Burundi ilipoingia vitani. Gombe yenyewe ni msitu wa sokwe wa porini, hakuna mabanda. Ni kipande kidogo tu cha nchi kavu, kama kilomita za mraba 35, milima inashuka hadi ziwani kaskazini ya mji wa Kigoma. Lakini ule utaratibu wa kijana kutoka ng'ambo kufunga begi na kuja Afrika kukaa na sokwe miezi kadhaa kwa malipo kidogo au bila malipo, kwa kiasi kikubwa umaarufu wake umeanzia pale.

Jane Goodall alishuka kwenye boti pale Gombe tarehe 14 Julai 1960. Miaka 26, hana digrii, alikuwa karani tu wa Louis Leakey kule Nairobi. Fedha za miezi ya mwanzo, dola 3,000, zilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Marekani aitwaye Leighton Wilkie. Wakoloni wa Kiingereza wakasema hawawezi kumwachia binti wa kizungu akae porini peke yake. Basi akaja na mama yake, Vanne. Pamoja nao mpishi, Dominic Bandora.

Huyu mama nimempenda sana. Vitabu vinampita haraka kuelekea kwa sokwe, lakini mtu wa kwanza kujitolea Gombe ni yeye. Hakuja kutafuta sifa ya kisayansi. Alifungua kazahanati kadogo ufukweni, anawatibu wavuvi wa dagaa vidonda na homa kwa dawa za kawaida alizokuja nazo. Wavuvi walikuwa na sababu ya kumshuku mgeni yeyote, maana msitu ule ulikuwa umefanywa hifadhi ya wanyama tangu 1943 na watu wakawekewa masharti. Mama akatibu watu, watu wakamzoea binti. Siasa nzuri kuliko hotuba!

Habari ya sokwe kuchokonoa mchwa kwa kijiti mnaijua, mwenye ndevu za kijivu na kadhalika, kila aliyepita darasa la baiolojia kaisikia. Napita.

Miaka ikaenda, vijana wakaanza kumiminika. Gombe ikawa hifadhi ya taifa 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Profesa David Hamburg wa Chuo Kikuu cha Stanford akaweka mpango wa wanafunzi wake kuja kwa zamu, na kuna wakati wageni walizidi 20. Na sisi Mlimani tulikuwepo! Tangu 1973 Goodall alikuwa profesa mgeni wa heshima hapa kwetu. Yaani tunapita kila siku Nkrumah na Yombo tukidhani hadithi ile ni ya Kigoma na Ulaya tu.

Wengi wa wale vijana wa kigeni baadaye wakawa wakubwa. Richard Wrangham na Anne Pusey walifika 1970 kama wasaidizi tu, vijana wa kupanda milima na kuandika. Wote wawili wakaishia kuwa maprofesa wa kutajika duniani. Sisemi kwa kijicho. Walifanya kazi ngumu, milima ile haimchekei mtu.

Haimchekei kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 binti mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi pale alimfuata sokwe peke yake, akaanguka kwenye genge akafa. Walimtafuta siku kadhaa kabla ya kumpata. Amezikwa palepale Gombe. Baada ya msiba huo ikawekwa sheria: hakuna mwanafunzi kuingia msituni bila kufuatana na mwenyeji.

Wadau, hapa naomba mtulie kidogo. Sheria ile iliwekwa kwa ajili ya usalama tu. Lakini angalia ilichofanya. Kabla yake wenyeji walikuwa wabeba mizigo, wapishi, wachonga njia. Baada yake, kila siku ya Mungu, mtu wa kijiji cha kando ya ziwa anatembea na mwanafunzi wa Stanford kuanzia alfajiri sokwe anapoamka kitandani kwake juu ya mti mpaka jioni anapotandika kingine. Anaona anachoandika. Anamrekebisha jina la mti. Anamwambia huyo unayemwita fulani siye, ni ndugu yake. Taratibu mwenyeji naye anapewa daftari na karatasi za kujaza. Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Alamasi, na wengine. Wengi wao sekondari hawakuiona, lakini kila sokwe walimjua kwa sura kama unavyomjua jirani yako.

Tarehe 7 Januari 1974 Hilali Matama ndiye aliyekuwa pale sokwe madume wa kundi la Kasakela walipovuka mpaka kuingia upande wa Kahama, wakamkuta dume mmoja aitwaye Godi anakula peke yake. Wakamshusha, wakamkandamiza chini, wakampiga na kumng'ata kwa dakika kama 10. Godi hakuonekana tena. Makundi yale mawili yalikuwa kundi moja miaka michache tu kabla. Hiyo ndiyo siku ambayo vitabu vyote vinaihesabu kuwa mwanzo wa vita vya sokwe vya miaka minne, na shahidi ni mtu wa Kigoma. Nilipoisoma nikafunga kitabu kwanza.

Sasa tuje kwenye utekaji.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wapatao 40 walivuka ziwa kwa boti kutoka Zaire wakashukia Gombe. Walikuwa wapiganaji wa PRP, chama alichokianzisha Laurent Kabila 1967 milimani upande wa Fizi. Ndiyo, Kabila yuleyule. Ziwa lile lilikuwa njia ya zamani ya mambo hayo, kwani Che Guevara naye alivukia Kigoma Aprili 1965 kwenda kuwasaidia, na akaandika kwa uchungu kwamba Kabila haonekani mstari wa mbele.

Watu wale wakapita nyumba kwa nyumba. Mfanyakazi mmoja, Rashidi, alipigwa kichwani akitakiwa aseme ufunguo wa stoo uko wapi. Hakusema, na sikio lake moja likawa kiziwi. Wakati huohuo akina dada wawili wa Kitanzania, Etha Lohay aliyekuwa mhifadhi na Addie Lyaruu aliyekuwa mwanafunzi, waliposikia vurugu hawakukimbilia ziwani wala mlimani. Walinyata gizani msituni kutoka nyumba hadi nyumba wakiwaamsha wanafunzi wengine wajifiche. Ndiyo maana waliochukuliwa ni wanne tu, watatu wa Stanford na msichana mmoja wa Kiholanzi. Wangeweza kuwa wengi zaidi. Mimi nimesoma shule za nchi hii tangu darasa la kwanza na sijawahi kuyasikia majina ya wale dada wawili darasani hata siku moja.

Mateka mmoja alirudishwa baada ya kama wiki, na barua za madai: fedha, silaha, na kuachiwa kwa wenzao waliokuwa wameshikwa Tanzania.

Kwa mtu wa Mlimani hapa pana kigugumizi. Dar ya 1975 ndiyo ilikuwa makao ya kamati ya ukombozi ya OAU. Museveni alikuwa amesoma hapahapa miaka michache nyuma, Walter Rodney ndiyo kwanza alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla. Neno mpiganaji lilikuwa neno tukufu kwenye korido hizi. Lakini PRP hawakuwa kwenye orodha ya ukombozi, kwa sababu hawakuwa wanapigana na Mreno wala Kaburu. Walikuwa wanapigana na Mobutu, rais wa nchi huru ya Kiafrika na jirani, na serikali yetu ilikuwa na uhusiano naye. Kwa hiyo wanajiita wakombozi, sisi tunawakamata, wao wanavuka ziwa kuteka wanafunzi wanaohesabu sokwe. Siwatetei. Kumpiga Rashidi mpaka awe kiziwi hakumkomboi mtu yeyote Fizi. Ila mkisoma mapambano ya ukombozi kwenye semina, mkumbuke kwamba kulikuwa na vyumba viwili, na Kabila alikuwa kwenye kile kisicho na mwaliko. Baadaye aliishi Dar miaka mingi, na tarehe 17 Mei 1997 akawa rais wa Kongo, mpaka alipouawa Januari 2001.

Msimamo wa Marekani ulikuwa hakuna kujadiliana na watekaji. Familia na Stanford walipigania vijana wao, Hamburg akaja mwenyewe huku, fedha zikalipwa. Mateka wa mwisho alirudi mwishoni mwa Julai 1975. Wote wanne walirudi wakiwa hai. Aliyeumia kikazi ni balozi wa Marekani hapa, Beverly Carter, Mmarekani mweusi, ambaye Kissinger alimrudisha nyumbani kwa hasira kwa kuonekana amesaidia mazungumzo. Alikuwa amepangiwa kwenda kuwa balozi Denmark, ikafutwa. Mwaka uliofuata alipelekwa Liberia.

Mpaka hapo ndipo simulizi nyingi zinaishia. Wanafunzi wa kigeni wakaondolewa Gombe, mpango wa Stanford ukafa, na kwa miaka kadhaa wageni hawakuruhusiwa kukaa. Goodall mwenyewe akawa anaishi Dar, anakwenda kwa ziara fupi. Ukisoma haraka utadhani msitu ulibaki kimya mpaka wazungu waliporudi.

Hapo ndipo yule mshikaji wa Kigoma ana haki. Wenyeji walishika daftari. Kila siku wawili wanaamka usiku, wanakwenda chini ya mti alipolala sokwe wa zamu, wanamfuata kutwa nzima. Mmoja anaandika simulizi ya kila anachofanya, mwingine anajaza jedwali la nani kaja na nani kaondoka na kuweka alama kwenye ramani kila baada ya dakika 15. Derek Bryceson, mkuu wa Hifadhi za Taifa, mzungu aliyekuwa mbunge wa kuchaguliwa hapa Dar na aliyeoana na Goodall mwaka huohuo wa 1975, aliwasaidia kupanga kazi. Lakini Bryceson hakuwa anapanda mlima akiwafuata sokwe. Waliopanda ni wao.

Na tazama waliyoyaona katika miaka hiyo. Septemba 1975, miezi minne tu baada ya utekaji, madume wa Kasakela walimshambulia jike mzee wa Kahama, Madam Bee, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umepooza. Alikufa baada ya siku chache. Kati ya 1975 na 1976 jike aitwaye Passion na binti yake Pom walikuwa wananyang'anya watoto wachanga wa majike wenzao na kuwala. Mei 1977 wavuvi walisikia kelele za ugomvi mkali, na baadaye maiti ya dume Charlie ikakutwa kwenye kijito cha Kahama. Novemba 1977 akashambuliwa Sniff, dume wa mwisho wa Kahama, kijana bado. Kundi la Kahama likafutika.

Sasa fikirieni. Habari hizi ndizo zilizogeuza mawazo ya dunia kuhusu sokwe, kwamba si wapole wa kuchezea kwenye sarakasi, wanaweza kuuana kwa kukusudia, kundi kwa kundi. Wasomi wamebishana juu yake miaka nenda miaka rudi, wengine wakisema ni ndizi walizokuwa wanapewa ndizo zilizowaharibu. Sehemu kubwa ya ushahidi wa mabishano hayo ni wa baada ya Mei 1975. Yaani uliandikwa na watu ambao barua ya kuomba nafasi Stanford wasingejibiwa.

Na waliandika kwa lugha gani? Kiswahili. Simulizi za mwandiko wa mkono, Kiswahili cha kando ya ziwa, daftari juu ya daftari. Zikatafsiriwa, zikaingia kwenye kitabu kikubwa cha Goodall cha 1986, The Chimpanzees of Gombe, ambacho bila kazi yao kingekuwa chembamba sana. Haki yake mama yule tumpe, aliwataja kwa majina na kuwashukuru waziwazi, tena mara nyingi. Tatizo naliona kwetu wasomaji. Tunakumbuka jina la sokwe mwenye ndevu kuliko jina la aliyemfuata.

Najua kuna watakaosema nimewaonea wageni waliojitolea. Hapana. Bila wale vijana wa mwanzo kusingekuwa na utaratibu wa kurithi, na yule aliyezikwa kule alitoa zaidi ya tutakachotoa wengi wetu. Tena nampongeza yule dada wa kafeteria, kuosha mabanda ya sokwe si kazi ya kupiga picha. Ninachobisha ni neno lenyewe. Anayetoka mbali kwa miezi mitatu tunamwita wa kujitolea na tunamwandikia cheti. Anayetembea msitu uleule miaka 20 kwa mshahara mdogo, na usiku mmoja anapigwa kichwa akatae kutoa ufunguo, huyo tunamwita kibarua. Hivi nani kajitolea zaidi hapo? Mtanijibu tukikutana Hill Park au popote.

Mambo yameendelea. 1991 Goodall alikaa na wanafunzi 12 wa sekondari hapa Dar, nyumbani kwake, wakaanzisha Roots & Shoots, ambayo sasa imeenea nchi nyingi. 1994 ukaanza mradi wa kupanda miti na kusaidia vijiji vinavyoizunguka Gombe, maana milima ya nje ya hifadhi ilikuwa imebaki kipara. Watanzania kama Shadrack Kamenya na Deus Mjungu walisoma hadi shahada ya uzamivu Marekani wakaja kuongoza utafiti palepale. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, katikati ya ziara ya mihadhara Marekani.

Zile daftari zilivuka bahari kwenda kuhifadhiwa kwenye vyuo vya huko, Minnesota kwanza, kisha Duke, chini ya yuleyule Anne Pusey aliyekuja kama msaidizi 1970. Mwanafunzi wa huko anayetaka kujua sokwe fulani alikuwa wapi asubuhi fulani ya 1977, jibu analikuta kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mtu wa Kigoma, na kama hakijui inabidi kwanza atafute wa kumsomea.